Masika Niliyoambiwa Nipumzike

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja. Binti yangu akaenda kuninunulia daftari lenye maua juu ya jalada, kama la mtoto wa chekechea, pamoja na penseli iliyochongwa tayari. Penseli nimeirudisha kwenye droo yake. Naandika kwa kalamu. Nina miaka sitini na miwili na sijaomba kuchongewa kitu.

Niandike yaliyotokea, ili siku wakisema sikumbuki, iwepo karatasi.

Mimi ni mkataji. Karakana yetu inashona sare za shule. Kitambaa kinatandikwa mezani tabaka juu ya tabaka, mimi nachora kwa chaki, napitisha mashine ya umeme, na mashati mengi yanatoka kwa mkato mmoja. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa. Mwezi uliopita Bosi, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika mkasi, alinipa oda ya mashati, kifua thelathini na nane. Nikakata thelathini na nne. Mashati mia moja na ishirini, hakuna hata moja linalomwingia mtoto aliyekusudiwa.

Bosi hakufoka. Afadhali angefoka. Alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta ulioingia ufa, halafu akampigia simu binti yangu. Mimi nimesimama pale pale mbele yake, na simu anampigia binti yangu.

Hospitali daktari akanisomea maneno matano niyarudie. Alikuwa amevaa barakoa, dirisha liko wazi, mvua inamiminika. Nikasema: pweza, samaki, uvungu, kofia. La tano sikulipata. Daktari akaandika. Binti yangu akajifuta macho. Tangu siku hiyo mimi ni mgonjwa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sina la kusema.

Jumatano, 5 Machi

Mkasi wangu haupo. Ule mkubwa wa chuma, niliopewa na Dada Mkubwa siku nilipoanza kazi. Nimepekua kabati lote. Jioni binti yangu akanijibu kwa ule mwendo wake mpya wa kuongea, neno moja moja, kama analisha kifaranga: "Mama, nimeuweka mahali salama."

"Salama na nani?"

"Daktari amesema upumzike."

Uongo. Karatasi ya daktari ninayo. Imeandikwa: atembee kila siku, ale mboga na samaki, alale vya kutosha, apimwe presha, afanye mafumbo ya maneno, asikae peke yake. Neno kupumzika halimo. Nimelitafuta mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimekatazwa jiko. Eti nilisahau chai motoni. Sikuisahau, sikusikia ikichemka, mvua ilikuwa inapiga bati utadhani wanamwaga kokoto. Nimewaambia hivyo. Wakatazamana, binti na mumewe. Yale matazamano nayajua. Ndiyo tuliyokuwa tunatazamana sisi juu ya kichwa cha Dada Mkubwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaza fumbo la maneno lote kabla ya saa nne asubuhi. Nikalibandika kwenye mlango wa friji. Hakuna aliyelisemea.

Jumamosi, 15 Machi

Wageni chakula cha mchana, walimu wenzake binti yangu, wanne. Mvua kubwa. Wanacheka, mimi nacheka. Wanatikisa kichwa, mimi natikisa. Unajua kazi ya kucheka kitu usichokijua? Mashavu yanauma. Mmoja akaniuliza jambo, nikamjibu, "Asante, nimeshiba." Meza nzima ikanyamaza. Kumbe aliniuliza nina wajukuu wangapi.

Binti yangu akamwambia, mbele yangu, na hilo nililisikia vizuri sana kwa sababu wote walikuwa kimya: "Mzoee tu. Siku hizi hayupo sana."

Hayupo. Nimekaa kiti cha tatu kutoka dirishani, nimevaa gauni nililolikata na kulishona mwenyewe, kijiko mkononi. Sipo wapi? Niliinuka nikaenda chumbani, nikakaa kitandani mpaka walipoondoka. Nilitaka kulia, ikashindikana. Nilimlea peke yangu yule. Alipochelewa kuongea, mpaka miaka mitatu hana neno, watu walisema huyu mtoto hana akili, nami nikazunguka naye mtaa mzima nikimtajia vitu: mlango, ndoo, kuku, mlango, ndoo, kuku. Sikumwambia mtu yeyote kwamba mwanangu hayupo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Wameniwekea televisheni chumbani. Mkwe ameibeba mwenyewe. Sikuiwasha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kumwona Dada Mkubwa, mitaa miwili kutoka hapa. Anakaa kwa mwanawe. Binti yangu alinisindikiza kwa kunishika kiwiko njia nzima kana kwamba barabara itanimeza.

Dada ana miaka sabini na minne. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Miaka minane sasa wanasema amepotea. Wamemweka kwenye kiti cha plastiki chenye mto, mbele ya televisheni, na kila kitu anafanyiwa: analishwa, anafungwa vifungo, anachanwa nywele. Mke wa mwanawe ni mtu mwema. Hajamwacha mchafu hata siku moja. Lakini katika saa mbili nilizokaa, hakuna aliyemsemesha Dada. Walizungumza habari zake juu ya kichwa chake, amekula, hajala, amelala vizuri, na Dada ametumbulia macho mpira wa miguu, yeye ambaye hajawahi kujua goli liko upande gani.

Nikamwangalia nikaingiwa na hofu, kisha hofu ikageuka hasira, na hasira ikamwangukia yeye. Kwa nini umekubali, Dada? Kwa nini hukulitupa hilo bakuli wanalokulishia?

Sikumsemesha. Naandika ukweli. Saa mbili, na mimi pia sikumsemesha.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimekosana na binti kwa ajili ya soksi. Anataka kunivisha.

Jumanne, 25 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Jua, siku ya pili mfululizo. Mkwe alikuwa anaosha gari uani. Kazi yake ni kufundisha udereva, kwa hiyo ana sauti ya mtu aliyezoea kuomba breki ikanyagwe. Nilikaa kwenye ngazi, tukaongea karibu saa nzima. Alinisimulia mwanafunzi wake mmoja, mama mzima, aliyefaulu mtihani mara ya saba, akatoka kwa furaha akagonga geti la ofisi ya mtihani wenyewe. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kicheko changu mwenyewe, cha kitu nilichokielewa.

Akafunga bomba, akanitazama usoni. "Mama, mbona leo uko vizuri hivi?"

"Jana nilikuwaje?"

Akaona haya. "Si jana. Siku nyingine."

Siku gani nyingine? Swali hilo limenikaa kichwani mchana kutwa.

Jumapili, 30 Machi

Nimelisoma daftari hili toka ukurasa wa kwanza. Nimelisoma kama ninavyokagua kitambaa kabla ya kukata, kwa kidole, nikitafuta nyuzi zilizokatika. Chai: mvua. Wageni: mvua. Daktari na maneno yake: mvua, na mdomo umefunikwa. Soksi: mvua. Siku ya mkwe: jua, uso kwa uso, sauti ya breki. Mashati sikuyaandikia hali ya hewa lakini naikumbuka siku hiyo, maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango wa karakana.

Nne. Nane. Nimeyasema kwa kunong'ona mbele ya kioo, halafu nikafumba macho nikamwomba mjukuu wangu wa kike ayaseme kutoka sebuleni. Mara kumi. Nilikosea sita.

Sikufurahi. Nilitaka kupasua kitu. Kwa sababu hata mimi niliwaamini. Wiki tano nimeamka kila asubuhi nikihesabu majina ya watoto wangu na ya wajukuu kitandani, kujua kama wamepungua.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemwambia binti yangu nataka kupimwa masikio. Akatabasamu. "Sawa, Mama. Tutaona."

Tutaona ni neno ninalowaambia watoto wakiomba baiskeli.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda hospitali peke yangu. Kwa miguu, dakika arobaini, mwavuli mkononi. Niliacha karatasi mezani: NIMEKWENDA HOSPITALI. NAJUA NJIA. Hata hivyo simu ilinifuata mara tisa.

Anayepima masikio ni mwanamke mfupi mwenye miwani mizito. Aliniingiza kwenye chumba kidogo kilichozibwa sauti, akanivisha vidude masikioni, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilibonyeza. Nikangoja, nikidhani amesimama kupumzika. Nikaona kupitia kioo mkono wake unachezesha mashine, na mimi sisikii kitu. Hakuwa amesimama.

Akanichorea mstari kwenye karatasi. Unaanza juu, unatembea vizuri, halafu unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Ulifanya kazi gani?"

"Ninafanya. Nakata kwa mashine ya umeme."

"Miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Mashine imekula sauti nyembamba zote. Unasikia kwamba mtu anaongea, husikii anasema nini. Unabahatisha. Na kichwa kinachobahatisha kutwa nzima kinachoka, hakibaki na nguvu ya kuweka kumbukumbu. Halafu mtu anaona aibu, anaacha kuongea na watu. Hapo ndipo kichwa chenyewe kinapoanza kulala."

"Kwa hiyo sina ugonjwa wa kusahau?"

"Mimi napima masikio tu. Rudi kwa daktari, arudie maswali. Lakini mwambie avue barakoa na afunge dirisha."

Binti yangu alinikuta kwenye benchi la nje, viatu vimelowa, anahema. Alianza kunifokea mbele ya watu, jinsi alivyohangaika, jinsi ambavyo ningegongwa. Nilimwacha amalize. Kisha nikampa ile karatasi ya mstari.

"Ulishawahi kunisemesha ukiwa umenitazama, tangu Februari?"

Akaigeuza ile karatasi mikononi.

"Umenifungia jiko. Umeninyang'anya mkasi. Umewaambia wageni sipo. Hukuniuliza hata siku moja, Mama, unanisikia?"

"Niliogopa," akasema. "Nilimwona Mama Mkubwa alivyoanza. Naye alianza hivi hivi. Anajibu vitu visivyoulizwa, anacheka pasipo kichekesho."

Akaanza kulia. Sikumshika mkono. Nilisikia maneno yake, na kwa mara ya kwanza siku nyingi yalikuwa maneno niliyoyasikia yote, na yakanichoma mahali ambapo yeye hakukusudia.

Alianza hivi hivi.

Jumatatu, 7 Aprili

Daktari amerudia. Barakoa chini, dirisha limefungwa. Nikakumbuka maneno manne kati ya matano. Moja nililisahau kweli, nimejitahidi, limekwenda. Nilimwomba anionyeshe karatasi ya zamani. Pweza ilikuwa meza. Uvungu ulikuwa ufunguo.

Akaomba radhi, na nikamwona ni kijana tu, macho mekundu, foleni imefika getini. Lakini hakunipa ushindi wote. Presha yangu iko juu, nami kweli niliacha vidonge tangu mwaka jana kwa kuwa nilijiona mzima. "Hilo nalo linaharibu ubongo, polepole, bila kelele," akasema. Vidonge, kutembea, usingizi, watu wa kuongea nao, kitu kipya cha kujifunza. Na kazi, kama naipenda.

"Andika hilo la kazi," nikamwambia. "Kwa herufi kubwa."

Ameandika.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkasi umerudi. Ulikuwa chini ya godoro lao.

Jumanne, 15 Aprili

Nimevishwa vifaa vya kusikia. Kitu cha kwanza nilichosikia ni kiatu changu mwenyewe sakafuni. Cha pili, karatasi. Sikujua karatasi ina kelele namna hiyo. Mvua ndiyo balaa, nimevivua mara mbili leo. Nimevirudisha mara mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Karakana. Bosi alinipokea mlangoni, anazungusha funguo kidoleni, hajui aweke wapi macho.

"Mwalimu, karibu tena. Nilifikiri labda uwe unasimamia tu, usikate."

"Siku ya yale mashati, ulinipa oda ukiwa umesimama wapi?"

Akafikiri. Naona alikuwa mkweli, maana alichukua muda. "Pale mlangoni. Nilikuwa nawaelekeza wapakiaji."

"Ulikuwa umenipa mgongo."

"Nilikuwa nimekupa mgongo," akasema.

Tumekubaliana kila oda iandikwe kwa tarakimu na ibandikwe mezani. Nimemwambia pia washonaji na wakataji wote wazibe masikio wakati wa kazi, vizibo vipo, havina uzito. Wakataji wawili wa chini ya miaka thelathini wakacheka. Niliwaita mmoja mmoja nikawaonyesha ule mstari unaoporomoka. Wa pili hakucheka.

Nimekata kaptula mia na themanini. Nimezipima mara tatu. Nilikuwa na hasira mkono mzima na mkato umenyooka.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Dada Mkubwa. Nilikaa upande wake wa nyuma, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikapiga makofi kwa nguvu. Hakugeuka. Nikaenda mbele yake, nikamshika mashavu, nikasema taratibu na kwa sauti: "Dada. Ni mimi."

Akanitazama mdomo. Hakuniangalia macho, mdomo.

Miaka minane. Nilikwenda mle ndani kila mwezi miaka minane, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, nakumbuka vizuri, jikoni, nikiwa nakausha sahani: "Dada naona akili zinamtoka." Mimi. Si mwanawe, si mkewe. Wao walifuata.

Nimemwambia mwanawe lazima Dada apelekwe kupimwa masikio. Akasema, "Mama mdogo, umri huo, kwa faida gani?" Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Baadaye nikamwomba radhi, kwa sababu yalikuwa yangu, nimemrushia yeye.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua nyepesi. Nimekuwa natembea kwenda kazini. Magoti yanalalamika.

Ijumaa, 9 Mei

Dada amepimwa. Ilichukua asubuhi nzima, hakuelewa kitufe, mpimaji akageuza ikawa mchezo wa kudondosha vifungo vya shati kwenye bakuli. Masikio yake ni mabaya kuliko yangu mara mbili. Naye alikata kwa mashine, kabla yangu.

Daktari alitusemesha waziwazi. Kwa Dada si masikio tu. Kumbukumbu imeliwa kweli, na kilichoondoka hakirudi. Nikauliza kama angesikia miaka minane iliyopita ingekuwaje. Akasema hakuna anayejua. Huenda ingekuja vile vile. Huenda ingechelewa. Ningependa aseme moja. Mtu anaweza kupigana na moja.

Binti yangu alikuwa amekaa nami. Akasogeza kiti, akanigeukia uso mzima, ndipo akasema: "Mama, wewe hukujua." Nikamshika mkono. Yeye naye hakujua.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zinaisha. Namfundisha mjukuu kuchora kola. Yeye ananifundisha kupiga kinanda kwenye simu yake. Sina kipaji kabisa. Naendelea.

Jumamosi, 17 Mei

Leo Dada amevishwa vifaa. Tulikuwa watano kwenye kile chumba: mpimaji, mwanawe, mkewe, mimi, yeye. Mpimaji alipoviwasha, Dada alishika mikono ya kiti kama gari limeondoka ghafla. Akasikiliza. Mwanawe akainama mbele yake. "Mama, unanisikia?"

Alimtazama muda mrefu, akamwita kwa jina la marehemu baba yake. Mwanawe akaitika. Kisha Dada akazungusha kichwa, akatuangalia mmoja mmoja, akafika kwangu, na uso wake ukakaza. Niliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao nilipokuwa napindisha mshono nikiwa msichana.

"Mbona siku zote hizi mlikuwa mnanong'ona?"

Akatunyooshea kidole.

"Mnakuja, mnakaa, mnanong'ona. Nilidhani mnanisema mimi."

Mwanawe akatazama viatu vyake. Mpimaji akafungua kinywa, najua alitaka kueleza habari za masikio, na maelezo hayo mimi ninayo yote, nimeyasoma, nayaweza kwa moyo. Nikamwonyesha kwa mkono angoje. Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Ni kweli, Dada," nikasema. "Tulikuwa tunakusema wewe."

"Nilijua," akasema. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa nzima, haijapungua hata chembe. "Haya. Semeni sasa. Nipo."

Njiani kurudi Dada ameuliza swali lile lile la kunong'ona mara tatu, kama hajawahi kuliuliza. Mara tatu nimesimama, nikamgeukia, nikamjibu vile vile, kwa sauti ya kusikika.